Madamu wa Lupango

Mara ya kwanza nilipoingia nyumbani kwa Madamu, katika mtaa wa Mutanga Sud, alinionyesha kiti, akanionyesha chupa ya chai, kisha akanionyesha chuo kikuu. Kilikuwa juu ya meza ya chakula, kati ya bakuli la maparachichi na Biblia, kimefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono, kikinguruma kama friji ndogo. Alikifunua kwa ncha za vidole. Humo ndani, alisema, wamo wanafunzi wa fakalti nzima, walimu wao, mkuu wao Doyen, ratiba za mitihani na ugomvi wote wa wiki ile. Akaweka kidole mdomoni.

"Ongea polepole," akaniambia. "Wako wanafanya interro."

Niliogopa kuvuruga jaribio lao. Nilikaa kimya kwa heshima mbele ya kompyuta kuukuu ya mezani, mpaka niliposikia anacheka.

Mimi ni mtu wa kufuta. Mwanzo huu nimeuandika na kuufuta mpaka dada zangu wameanza kunisemea kwa mama. Naogopa kumpunguza Madamu, naogopa kumzidisha, na zaidi ya yote naogopa nukta na mikato, kwa sababu najua atasoma. Alikuwa mwalimu wa sarufi ya Kifaransa. Chuoni walikuwapo akina Madamu wengi wenye majina yao nyuma, Madamu huyu na Madamu yule, lakini ukisema Madamu peke yake, kila mtu alijua ni yeye.

Mimi sikuwa mwanafunzi wake wala wa mtu mwingine. Nilikuwa nachapa kazi za watu katika sekretaria karibu na lango la chuo, na mambo ya kompyuta niliyajua kwa kutazama video na kuharibu kompyuta ya mjomba. Madamu alikuja siku moja kuchapisha maswali ya mtihani, akaona kwenye skrini yangu maandishi ambayo si ya mteja, akauliza ni nini. Nikamwambia kwa aibu kwamba najifunza jinsi ya kuendesha seva. Hakuuliza shahada yangu. Aliuliza kama napenda parachichi.

Mashine ile aliivisha kitambaa wageni walipokuja tu. Wakiondoka aliivua, maana ikifunikwa inapata joto. Aliisalimu asubuhi. Ilipochelewa kuwaka alisema imelala vibaya. Umeme ulipokatika mtaani kwake, betri na paneli ya sola juu ya bati viliisaidia kwa muda, halafu fakalti yote ikanyamaza, na wanafunzi wa Mutanga Nord wakaanza kuulizana kwa simu kama kuna courant Mutanga Sud. Kabla ya betri kuisha aliwaandikia wote ujumbe mmoja, uleule kila mara: "Courant imekwenda. Musigombane bila mimi."

Mtandao uliokaa ndani ya mashine hiyo, ambamo fakalti yote iliandikiana, aliuita Lupango. Kwetu lupango ni kile kiwanja chenye ukuta, nyumba mbili tatu ndani, jirani mmoja anayeanika nguo na mwingine anayesonga ugali, na mlango mmoja wa kutokea barabarani. Kabla yake, habari zote za chuo zilipita katika makundi ya simu, kwenye ile programu ambayo kila mtu anayo, na kila kundi lilikuwa mikononi mwa mjumbe wa darasa. Mjumbe wa mwaka wa pili alikuwa Amani, kijana wa Uvira mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za mvua. Amani aligawa ratiba kama mtu anayegawa nyama ya sherehe: kwanza marafiki, kisha wanaomsalimu vizuri, kisha wengine. Simu yake ilipodondoka ziwani, darasa zima lilikwenda kufanya mtihani katika ukumbi ambao haukuwa na mtihani.

Hapo ndipo Madamu alipokwenda kwa Doyen, mkuu wa fakalti, akanichukua na mimi. Nilivaa viatu vya dada yangu.

"Doyen, ile ingine ni hoteli," alimwambia. "Unalala muzuri, lakini siku wenyewe wanabadilisha kufuli, we unabaki inje na valizi yako. Hii ni lupango yetu. Ufunguo iko kwetu. Na namna imejengwa, yote iko wazi, mutu yeyote anaweza kusoma."

Doyen aliuliza ni nani amewahi kuisoma.

"Divine amesoma," akajibu Madamu, akaninyooshea mkono.

Nilikuwa nimesoma sehemu ndogo tu ya maandishi yanayoiendesha programu, na nusu ya sehemu hiyo sikuielewa. Doyen alinitazama kuanzia kichwani hadi viatu vya dada. Nadhani niliinama kama mtu anayepokea sakramenti. Akakubali kujaribu, na hadi leo sijui kama ni hoja iliyomshinda au ni huruma.

Furaha kubwa ya Madamu haikuwa lupango yetu. Ilikuwa ukuta, na majirani wa ng'ambo yake. Chuo kimoja cha Bukavu kilikuwa na mashine yake, na watu wa Kigoma walikuwa na yao, kila moja na mlango wake na sheria zake, hakuna bosi mmoja juu ya wote, na bado mtu wa huku aliweza kuongea na mtu wa kule bila kuhama. Siku salamu ya kwanza ya Bukavu ilipoingia ("Jambo majirani, kuna mutu?") Madamu aliita majirani wake wa kweli, wale wa nyumba ya pili, waje waone. Mama mmoja alikuja na mwiko mkononi. Tulisimama wote mbele ya skrini kama watu wanaomtazama mtoto mchanga, na Madamu, kwa msisimko, akawajibu maprofesa wa Bukavu kwa picha ya parachichi na swali moja: "Mumekula?"

Aliwauliza hivyo wote. Kila aliyefungua akaunti mpya alipokelewa na swali hilo, awe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au mtaalamu wa lugha za kale. Wengine walijibu kwa kueleza walichokula. Mtaalamu wa lugha za kale alieleza kwa kirefu.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikuwahi kulielewa. Darasani mwanamke huyu alikuwa wa kuogopwa. Kalamu yake nyekundu haikusamehe alama moja juu ya herufi. Nilimwona mwanafunzi ameketi nje ya sekretaria yetu na kazi yake iliyorudi, ameigeuza juu chini, akasema labda ukiitazama hivi damu inapungua. Lakini kwenye Lupango mwanamke huyohuyo aliandika kama mtu anayekimbizwa na mvua. Hakuna mikato. Majina ya watu kwa herufi ndogo. Maneno mawili yameshikana mkono. Niliona vibaya mimi. Nilijitolea kumsahihishia kimyakimya, kwa kuwa niliweza kufungua mashine kutoka ndani.

"Apana," alisema. "Mu classe niko polisi. Hapa niko mu cuisine, napika."

Na mimi, ambaye hakuna aliyewahi kunipa alama yoyote, nilikuwa natumia mapumziko yote ya mchana kwa ujumbe wa mistari mitatu. Niliweka neno, nikalitoa, nikalirudisha, nikauliza kama salamu inatakiwa mwanzoni au mwishoni. Madamu alipita nyuma yangu na chupa ya chai. "Divine, unaandika Katiba?"

Tulikubaliana Lupango iwe na maneno ya Kiswahili, kwa sababu wanafunzi waliotoka ng'ambo ya mpaka na wale wa hapa walikutana katika Kiswahili kuliko katika kitu kingine chochote. Kazi ya kutafsiri ikawa yangu, nikaugua kwa furaha. Nilipima kila kitufe. Kulikuwa na kitendo kimoja kilichonitesa: pale mtu anapochagua kuona maandishi ya mwenzake kila siku. Kifaransa cha mashine kilisema kumfuata. Niliuliza watu, nikapima, nikalala na neno, nikaamka nalo, na mwisho nikaandika kwa usahihi kamili: anakufuata.

Asubuhi ya uzinduzi wa Lupango ya Kiswahili, Doyen alikuwa anatembea kutoka nyumbani kwenda ofisini kwake. Wanafunzi walikuwa wameanza kuingia kwa kishindo, na kila aliyeingia alimchagua Doyen kwanza, kwa adabu. Simu yake ikalia mfukoni. Akasoma: Amani anakufuata. Akatazama nyuma. Ikalia tena: mtu asiyemjua anakufuata. Akabadilisha njia. Simu ikaendelea, jina baada ya jina, na mwisho ikamwambia kwamba watu wanaomfuata ni wengi. Doyen akaingia katika kanisa la kwanza aliloliona, akaketi benchi ya mbele, karibu na kwaya iliyokuwa ikifanya mazoezi, na kutoka hapo akampigia Madamu kwa sauti ya chini.

"Madame, kuko watu wananifuata. Simu inanipa hadi majina."

Nilikuwa nimesimama pale kwa Madamu, na nilitaka ardhi ya Mutanga Sud ifunguke. Madamu alimwambia atulie, atoke bila wasiwasi, ni mapenzi tu. Akaweka simu chini kwa upole. Kisha akavua miwani, akaiweka juu ya mashine, akacheka mpaka akashika meza, na meza ikatikisika, na nikaushika mtandao wa fakalti kwa mikono miwili usianguke.

"Divine," alisema alipopata pumzi. "Umemuingiza Doyen kanisani. Mapadri wamejaribu miaka yote."

Nilikuwa tayari kuomba radhi kwa maandishi. Yeye alikuwa ameshapita. Aliuliza mtu akifika kwenye lupango ya mwenzake hufanya nini. Nikasema hupiga hodi. Na mwenyewe anajibu nini? Siku hiyohiyo tukabadilisha. Tangu wakati huo, kwetu hakuna anayemfuata mtu. Amani amepiga hodi. Doyen amesema karibu. Watu wa Kigoma walipoona walituomba neno hilo, tukawapa juu ya ukuta, bure, na Madamu alitembea siku nzima akiwa amenyooka kama aliyepewa nishani.

Mwaka wake wa mwisho wa kufundisha ulipoanza, Doyen alisema wazi jambo ambalo sote tulilijua. Lupango ni nzuri, lakini inasimama kwa mtu mmoja. Madamu akistaafu, ama awepo mlinzi ambaye watu wanamsikiliza, ama fakalti irudi kwenye makundi ya simu. Madamu akasema mlinzi yupo, akanitaja mimi. Niliposikia nilikwenda kukaa kwenye ngazi. Walimu wenye shahada tatu wangenisikiliza mimi, ninayechapa kazi zao?

Alinijaribu mapema. Mwalimu mmoja aliandika kwenye Lupango alama mbaya za mwanafunzi, kwa jina, na kichekesho juu yake. Hilo kwetu lilikatazwa. Madamu alinipa simu, akasema niongee na huyo bwana. Niliandika ujumbe badala ya kupiga, nikaufuta, nikaandika mwingine wenye heshima nyingi hata kosa halikuonekana tena ndani yake. Mwisho nikazima mashine na kumwambia Madamu kwamba courant imekwenda. Redio ya jirani, ya umeme, ilikuwa inaimba.

Hakunikemea. Alimwalika mwalimu yule chai, akamwekea mandazi, akazungumza naye juu ya watoto wake, kisha akamsogezea simu yenye yale maneno na kumwomba ayasome kwa sauti, kama yanamhusu mtoto wake wa kwanza. Bwana yule aliyafuta mwenyewe. Alipoondoka Madamu alikusanya vikombe.

"Mashine unaijua," aliniambia. "Mashine haikatai mutu. Kumuambia mutu mukubwa apana, iyo ndiyo kazi. Bila iyo, ufunguo nitakupatia lakini lupango itakufa."

Alipostaafu alinipa ufunguo hata hivyo. Siku ya kuhamisha mashine, mafuta yalikuwa yameadimika tena na hakuna teksi iliyokubali kwenda. Tukaubeba mtandao kwa miguu kutoka Mutanga Sud hadi kwa shangazi yangu Mutanga Nord: mimi na mashine kifuani, Amani na skrini kichwani (ndiyo, yuleyule, maana baada ya kunyang'anywa ratiba alikuwa amegundua kwamba anapenda kubishana na watu wa Bukavu), Madamu mbele na betri ndani ya kikapu cha sokoni. Watu walituuliza kama tumefukuzwa nyumba. "Tunahamisha fakalti," Madamu aliwajibu, na aliwaambia wapishe.

Yeye mwenyewe alihamia mtaa wa Kibenga, kwa dada yake mkubwa. Nilidhani atapumzika. Haukupita muda akawasha mashine nyingine, akaijaza walimu waliostaafu, akaiita Lupango ya Wazee, akatupigia hodi juu ya ukuta kuuliza kama tumekula. Wazee wale walikuwa na kelele kuliko mwaka wa kwanza. Tuliwapenda.

Kisha Amani akachumbia. Aliandika tangazo refu la Kifaransa, na katikati yake, kwa fahari, mstari huu: *la femme que j'ai choisi*, mwanamke niliyemchagua. Watu wakaanza kumpongeza. Na katikati ya pongezi, kutoka Kibenga, mbele ya wakwe, likaingia neno la Madamu: "Choisie. Ongeza e. Bila e sijui umechagua nani." Kwa Kifaransa e hiyo ndiyo alama ya mwanamke.

Kumbe kalamu nyekundu ilikuwa inamwasha. Hana tena darasa, hana kazi za kusahihisha, na vidole havikustaafu pamoja naye. Tulipotazama tukakuta ameshapita kwa watu wengi, mkato hapa, herufi pale. Lakini kwetu kuna sheria kwamba asiyeomba kusahihishwa hasahihishwi. Aliiandika yeye, na kuna makosa mawili ndani yake.

Amani alikuja kwa shangazi mwenyewe. Kaka za mchumba walikuwa wamemwuliza ni kitu gani kinapungua kwa dada yao, na kwa nini mwalimu amekiona. Hakupandisha sauti. Aliketi, akanywa maji, akaniuliza, "Divine, we ni chef, mukubwa wa lupango, ao we ni mulinzi wa mashine tu?" Doyen naye aliandika hadharani maneno mawili: anasubiri kuona. Nilielewa anachosubiri. Kama sheria inaishia kwa Madamu, basi lupango bado ni ya Madamu, na atakapochoka itafungwa.

Jumapili baada ya misa nikaenda Kibenga. Njia nzima nilipanga sentensi. Nilipofika nilizisahau zote, kwa sababu alinipokea kwa kunikumbatia na kunisukumia sahani ya karanga, na dada yake, mzee mwenye kitambaa cha kijani kichwani, akaniuliza habari za shangazi. Madamu alisubiri nimeze.

"Amekutuma Amani."

Nikasema hapana, nimekuja mwenyewe. Nikasema, kwa sauti ambayo sikuitambua, kwamba amesahihisha watu wasioomba, na kwamba amemwaibisha Amani mbele ya wakwe.

"Lakini ni kosa, Divine. *Choisie*. Mwanamuke ametangulia, neno linamufuata."

"Najua, Madamu. Lakini hakukuuliza."

Akanitazama juu ya miwani, macho yale ya darasani ambayo sikuwahi kukaa chini yake. "Na nikiendelea?"

Niliweka simu juu ya meza nikaitumia kwa kidole kimoja. Nilimweleza ninachofanya wakati nakifanya. Kwake Kibenga aseme anavyotaka, pale ni kwake. Lakini kwetu maneno yake hayataonekana mpaka Jumatatu. Atatusoma, hatutamsikia. Nikabonyeza.

Madamu akachukua simu yake haraka, akaandika kitu, akakituma, akanyoosha shingo kutazama skrini yangu. Hakuna kilichokuja. Akageuka kwa dada yake, uso wote umefunguka kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Amenifunga. Ona, amenifunga kabisa."

"Hiyo button mi naitafuta tangu tuko watoto," alisema dada yake, akaendelea kumenya karanga.

Kilichobaki kilikuwa tangazo. Kwetu sababu hutolewa hadharani, kwa Kifaransa, lugha ya fakalti, ili mtu asibuni nyingine. Niliandika mstari mmoja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuusoma tena kabla ya kuutuma, maana nilijua nikiusoma nitaufuta. Simu ya Madamu ikalia. Akasoma. Akaacha kutafuna.

Nikatazama yangu. *Madame est suspendue jusqu'à lundi pour les fautes qu'elle a corrigé sans permission.* Amesimamishwa hadi Jumatatu kwa makosa aliyoyasahihisha bila ruhusa. *Corrigé*. Makosa ni mengi, tena yametangulia. Neno lilidai herufi mbili mwishoni, e na s, na herufi hizo hazikuwapo, mbele ya fakalti, mbele ya Bukavu, mbele ya Kigoma, mbele ya wazee wote wa Kibenga.

Kidole gumba cha Madamu kilikimbilia skrini, kikagota. Ukuta. Akainua macho kwangu. Tulikuwa tumeketi uso kwa uso, magoti karibu yagusane, na hapo katikati hapakuwa na ukuta wowote. Akafungua mdomo. Kisha akachukua upindo wa kitenge chake, akaujaza mdomoni, akalala nyuma kwenye kiti, mabega yanaruka, machozi yanamshuka hadi shingoni.

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya neno *Hariri*. Nikakiondoa, nikaitia simu mfukoni, nikamwomba dada yake anisogezee karanga.